Siku Utakapoulizwa: Kuchagua Mitambo ya Kurekodi kwa Kampuni Kubwa

Tenda nyingi za kamera ninazoletewa nizipitie hapa Mombasa huanza na idadi. Kamera 64. Kamera 120. Mkurugenzi ameziona za jirani yake kule Shimanzi, naye anataka zake zizidi. Mstari wa pili unasema ziwe za 4K, yaani za picha kali kabisa, wa tatu unauliza bei. Nani atazitazama, picha ya Jumanne ya wiki tatu nyuma itatafutwa vipi, na ikishapatikana atakabidhiwa nani na kwa karatasi gani, hayo hayamo kabisa.

Mimi huanzia huko mwisho. Humwambia mteja ajifanye leo ndiyo siku ya kuulizwa. Wakili amepiga simu, au watu wa bima, au afisa wa forodha, au mama aliyetukanwa na karani kwenye simu na sasa anataka haki yake. Una hadi jioni. Utatoa nini? Akilijibu swali hilo sawasawa, mambo ya kuandika kwenye tenda yanajitokeza yenyewe, na idadi ya kamera mara nyingi inashuka.

Nitachukua mfano wa yadi ya makontena, kwa sababu zimejaa kuanzia Changamwe hadi Miritini, na kwa sababu yadi humuumbua muuzaji upesi kuliko ofisi yenye kiyoyozi. Kontena lina namba yake, herufi nne na tarakimu saba, ile ya mwisho ikiwa ya kuhakiki zilizotangulia. Ndivyo kiwango cha ISO 6346 kinavyotaka. Trela lina namba pleti. Mlango una sili yenye namba. Dereva ana sura. Mzigo ukipungua, watu watabishana juu ya hayo manne, getini, saa fulani. Basi kabla sijasaini chochote namtaka muuzaji alete kamera moja tu, aifunge getini, tuijaribu usiku. Mchana kila kamera ni nzuri.

Kuna jaribio nililolisimamia baada ya isha, kumenyesha rasharasha, lami inang'aa. Trela likaingia na taa kamili. Kwenye skrini ya muuzaji zikatokea duara mbili nyeupe, na katikati yake pleti ikawa kipande cheupe kisicho na herufi. Soja wa geti, mzee wa makamo ya babangu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na daftari lake mapajani. Aliisoma namba kwa macho yake, akaiandika, kisha akatugeukia.

"Mwanangu, hiyo yenu yaona nini?"

"Bado twaitengeneza, mzee."

Muuzaji akaanza kumweleza habari za megapikseli. Megapikseli hazikuwa na kosa. Kamera ile ilikuwa imetundikwa juu ya nguzo ili ione geti lote, na inayoona geti lote haiwezi papo hapo kusoma pleti iliyo kati ya taa mbili kali. Tulichofanya ni kuchukua ya pili, tukaifunga chini pembeni, ikaelekezwa kwenye pleti peke yake, na shata yake, kile kinachopima muda wa kuingiza mwanga, ikapandishwa hadi 1/1000 ya sekunde pamoja na taa ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Skrini ikawa giza totoro. Trela lilofuata likaja, na katika giza lile ikaonekana pleti tu, herufi zote zinasomeka, kwa kuwa pleti imetengenezwa irudishe mwanga. Mzee akalinganisha na daftari lake. "Hapo sawa," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Kwa hiyo geti moja linaweza kuhitaji kamera nne zenye kazi nne, na ukuta wa nyuma wa mita mia mbili ukatosheka na mbili za kukuambia tu kwamba kuna kitu kinasogea. Hesabu yenyewe si siri. Kiwango cha Ulaya cha kamera za ulinzi, EN 62676-4 cha mwaka 2015, kilitaka pikseli (nukta za picha) 250 kwa kila mita ili umtambue mtu usiyemjua, na 125 kwa mtu unayemfahamu. Kamera yenye pikseli 1920 kwa upana itakutambulishia mgeni katika eneo la mita 7.68, basi. Ya 4K, yenye 3840, itafika mita 15.36. Muuzaji anayekuambia kamera yake moja inatosha geti lenye njia tatu mpe hesabu hiyo aifanye mbele yako.

Sasa diski. Hapa ndipo pesa zinapozama, na ndipo wakurugenzi wanapoanza kutazama simu zao. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43.2 kwa siku. Kwa siku 30 ni kama terabaiti 1.3. Zidisha mara 120, unafika terabaiti 155, na bado hujaongeza diski za akiba za RAID 6, mpango wa kuunganisha diski ambao huvumilia diski mbili kufa kwa wakati mmoja. Muuzaji atakuambia H.265, mbinu mpya ya kubana video, inapunguza mzigo huo nusu ukilinganisha na H.264 ya zamani. Mchana, mahali patulivu, inakaribia. Usiku, picha ikiwa na chengachenga nyingi, ahadi hiyo hupungua sana, basi hesabu yako ifanye kwa rekodi ya usiku wa yadi yako mwenyewe.

Na kwa nini siku 30? Nikiuliza, jibu huwa ni kwamba ndivyo watu wanavyofanya. Sheria ya Kenya ya usafirishaji wa mizigo kwa bahari inafuata Kanuni za Hague, nazo zinampa mwenye mzigo mwaka mmoja tangu kukabidhiwa ili amshtaki msafirishaji. Kesi ikiletwa mwezi wa kumi, na rekodi za geti zimejifuta mwezi wa pili, unabaki na daftari la mzee pekee. Lakini huhitaji kuweka kila kitu mwaka mzima. Weka vipande vya getini, sekunde thelathini za kila gari linaloingia na kutoka, pamoja na namba ya kontena iliyoandikwa kwenye kumbukumbu. Za ukuta na za kantini zijifute baada ya wiki mbili au tatu. Mtambo usioweza kupanga muda tofauti kwa kamera tofauti, na kutafuta kwa namba badala ya kukokota mshale kwenye skrini saa nzima, haufai kwa kampuni kubwa hata ukipewa bure.

Saa nayo. Rekoda nyingi hufika zikiwa na saa ya China, iliyo mbele yetu kwa saa tano. Soja ameandika kwenye daftari "saa nane usiku", rekoda isiyorekebishwa inaonyesha 07:00, na wakili wa upande wa pili anafurahi. Seva moja ya saa iwaongoze wote: kamera, rekoda, mtambo wa simu, mizani, mpaka mashine ya kadi ya wafanyakazi. Hili halina gharama yoyote, ndiyo maana hakuna muuzaji anayelitaja.

Tuje kwenye mambo ya pwani. Mtu wa mauzo kutoka bara atakuonyesha alama ya IP66 na kukuambia kamera haiingii maji. Kweli, haiingii. Ila alama hiyo hupima vumbi na maji, haisemi neno juu ya chumvi. Kamera iliyo karibu na Kilindini hupulizwa chumvi usiku na mchana, na kusi ikivuma ndiyo zaidi. Nimefungua viboksi vya kebo ambavyo nje ni vyeupe safi, ndani pini zimeota kutu ya kijani, na kamera inazima na kuwaka kila umande ukishuka. Omba ganda la chuma cha pua cha daraja la 316, na skrubu za chuma hichohicho, si ganda zuri lililokazwa kwa skrubu za dukani. Omba cheti cha jaribio la ukungu wa chumvi. Halafu tenga fungu la kuosha. Taa za infraredi huwaita wadudu, wadudu humwita buibui, buibui hutanda mbele ya lenzi, upepo ukiutikisa utando mtambo unadhani kuna mwizi na kurekodi mpaka asubuhi. Kijana mwenye ngazi, kitambaa na ndoo ya maji matamu yumo kwenye bajeti ya nani? Uliza mapema.

Kebo ya kawaida ya mtandao inapeleka data na stima ya kamera kwa mita 100, basi. Yadi ni ndefu kuliko hapo. Ng'ambo ya mita 100 tumia faiba, kebo ya nyuzi za kioo, ambayo pia haipitishi radi. Masika ikija utaishukuru. Na UPS, ile betri ya kushika stima ikikatika, isiwe ya rekoda peke yake. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, rekoda yenye UPS iliyounganishwa na swichi ya mtandao isiyo na UPS ilikuwa inarekodi skrini nyeusi kwa uaminifu mkubwa.

Kuna wanaotaka kupeleka kila kitu klaudi, yaani kwenye seva za watu wengine mtandaoni, ili waepuke habari za diski. Kamera 60 za megabiti 4 zinahitaji megabiti 240 za kupakia, muda wote, usiku na mchana, na hiyo ni kabla wahasibu hawajafungua barua pepe. Nyaya za intaneti za baharini kama TEAMS na SEACOM zilitua hapa Mombasa mwaka 2009, lakini kutua kwetu hakuzizuii kukatika kwingine: tarehe 12 Mei 2024 waya mwingine, EASSy, pamoja na SEACOM zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Rekodi zikae hapa, nakala ya vipande vya geti iende klaudi usiku. Hivyo inatosha.

Kuhusu majina ya kampuni sina ugomvi na mtu, ila mambo mawili. Kama una kandarasi na serikali ya Marekani, au unabeba mizigo ya mashirika yake, mwonyeshe wakili wako kifungu 889 cha sheria yao ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2019. Kinazuia vifaa vya Hikvision na Dahua, kampuni za kamera za China, na ndizo zilizojaa madukani hapa mjini. La pili, badilisha nywila za kiwandani zote siku ya kwanza. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na rekoda kwa kujaribu nywila za kiwandani, na mwezi Oktoba zikatumika kuziangusha Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Kamera hazipaswi kuwa kwenye mtandao mmoja na mishahara.

Sauti sasa, ambayo tenda nyingi huipa mstari mmoja. Huu ndio upande ninaoupenda, kwa sababu migogoro mingi ya biashara hapa ni ya maneno: bei gani ilitajwa, nani aliambiwa mzigo utatoka kesho, chumba kiliwekwa kwa watu wangapi. Na sauti ni rahisi mno. Simu iliyorekodiwa kwa G.711, mfumo wa kawaida wa sauti ya simu, hula kama megabaiti 29 kwa saa kwa kila upande. Kituo chenye laini 20 zinazoongea saa nane mfululizo hakifiki gigabaiti 10 kwa siku, yaani chini ya robo ya kamera moja tu. Anayekuambia diski za sauti ni ghali anakuuzia kitu kingine.

La kudai ni kwamba mteja na karani warekodiwe kwenye chaneli mbili tofauti. Wakiwa kwenye moja, wote wawili wakaongea kwa pamoja kama tunavyoongea, hutajua nani alisema "hapana". Kwa hoteli za Nyali na Bamburi zinazopokea malipo ya kadi kwa simu, mtambo lazima uweze kusimamisha kurekodi mteja anaposoma zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Kanuni za PCI DSS, za usalama wa kadi za malipo, haziruhusu kuzihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa, hata zikiwa sauti. Kusimama huko kuwe kwa mashine, skrini ya malipo ikifunguka; karani mwenye foleni ya simu hatakumbuka kubonyeza.

Lakini kabla ya hayo yote jiulize mazungumzo yenyewe yako wapi. Biashara ya Mombasa iko WhatsApp. Ajenti wa forodha anamtumia dereva ujumbe wa sauti, dereva anamjibu akiwa Mariakani, na laini zote mbili ni zao binafsi. Unaweza kununua mtambo wa mamilioni ukaubandika kwenye simu za mezani ambazo hakuna anayezipiga tangu asubuhi. Nilikaa siku moja na dada wa mapokezi katika kampuni ya usafirishaji kuangalia: simu ya mezani ililia kwa wateja wa kuuliza njia, na mikataba yote ikapita kwenye simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka. Kampuni hiyo ilihitaji kwanza namba rasmi ya WhatsApp ya biashara na amri kwamba bei hazitajwi nje ya hapo. Mtambo wa kurekodi ukaja baadaye, tena mdogo.

Halafu kuna hii ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo sasa kila muuzaji anayo. Onyesho lake hufanywa kwa Kiingereza cha redioni. Mwambie alete tena kwa simu zako mwenyewe, ulizopata ruhusa ya kuzitumia: mtu wa Mikindani anayesema "nshamwambia yuwaja na invoisi, ile ya jana wameiriject", nyuma yake tuktuk inapita na kipaza sauti cha msikiti kimeanza. Simu ya kawaida hupitisha sauti ya kati ya hezi 300 na 3400 tu, kwa hiyo mashine ina kazi hata kwa lugha iliyofunzwa vizuri. Zipo zinazofanya kazi kwa kiasi, hasa kwa kutafuta neno moja au namba. Kulipia za kupima "hisia za mteja" mimi singelipia. Mteja wa pwani anaweza kukutukana kwa upole mkubwa.

Kwenye vyumba vya mikutano sina mengi. Jaribu maikrofoni kiyoyozi kikiwa kimewashwa mpaka mwisho na watu wakiwa wamekaa wanapokaa kweli, na mkubaliane rekodi ifutwe lini baada ya kumbukumbu kupitishwa.

Pasipostahili maikrofoni ni pengi. Kamera nyingi huja na maikrofoni ndani, nyingine imewashwa tangu kiwandani, na fundi akiifunga kantini bila kuizima, tayari kampuni inasikiliza wafanyakazi wakila wali wao. Chama cha wafanyakazi kikigundua, hutakuwa na maelezo. Sheria ya Kulinda Data ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, na picha au sauti ya mtu anayetambulika ni data yake. Anayo haki ya kuambiwa anarekodiwa na kwa nini, basi bango la getini liandikwe Kiswahili kinachosomeka, lisiwe tu mchoro wa kamera. Anayo haki ya kuomba kilicho chake, na hapo tena tunarudi kwenye kutafuta. Rekodi zikivuja, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Si vitisho vya karatasi: Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Kamera za kutambua sura ziko ngazi nyingine. Sheria hiyo inaweka alama za mwili miongoni mwa data nyeti, na itabidi ufanye tathmini ya athari kabla ya kuwasha. Halafu hapa petu wanawake wengi wanakuja kaunta na nikabu. Utamwambia mama wa watu afunue uso ili mashine imsalimie? Kadi ya mfanyakazi na kitabu cha wageni vinatosha.

Mahakamani, kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ni ipi, ilitolewa vipi, kwa kifaa gani, kikiwa na sahihi ya mtu anayehusika na kifaa hicho. Jina la cheo hicho liandikwe siku ya kununua. Mtambo nao uwe unatoa kwa kila faili ile namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Likiguswa hata nukta, namba inabadilika. Na uweke daftari la nani alifungua rekodi gani, lini. Meneja aliyezoea kumwambia fundi "nitolee hiyo unitumie WhatsApp" atalichukia daftari hilo.

Kifungu ninachokiandika mwenyewe katika kila mkataba ni cha siku ya kupokea kazi. Nachagua tarehe na namba ya kontena ambayo fundi hajaambiwa. Karani wa zamu, si fundi, akae kwenye kiti, aitafute, aitoe kwenye flashi pamoja na cheti chake, kisha tuifungue kwenye laptopu isiyo na programu ya muuzaji. Ana dakika kumi. Ikishindikana, asilimia 20 ya malipo inabaki kwetu mpaka iwezekane, na baada ya miezi mitatu tunarudia kwa rekodi ya siku ya kwanza. Kuna wauzaji wanaojitoa kwenye tenda wakishakisoma kifungu hicho, na sijawahi kumpigia simu hata mmoja wao kumbembeleza arudi.